Kualikwa Pilau

Bendi yetu ya roki haijawahi kumfukuza mtu. Mtu hualikwa pilau.

Aliyeianzisha ni mpiga ngoma, mtu wa Tanga, na mazoezi tunafanyia Peckham, hapa London, kwenye ukumbi wa kanisa ulio nyuma ya saluni. Akikaa kwenye ngoma zake utadhani anabomoa nyumba, lakini kumtolea mtu uvivu hawezi. Kwa hiyo hupika. Alianza na mpiga gitaa wetu wa kwanza, mgomvi asiyejua saa. Alimwita kwake peke yake, akamlisha hadi akalegea, akamfungia na ya kubeba kwenye bakuli la plastiki. Mazoezi yaliyofuata gitaa alilishika mtu mwingine. Kisha ikawa zamu ya mpiga kinanda. Kisha mwimbaji, ambaye alinipigia simu akiwa njiani kurudi.

"Shoga, nimekula vizuri," aliniambia. "Aliponipa bakuli ndipo nikajua."

Mimi napiga gitaa la besi. Tangu baridi ianze, vidole vya mkono wangu wa kushoto vimekuwa vikifa ganzi. Kazi yangu ni kwenye makao ya wazee, kutwa nawainua, nawageuza, nawaogesha, na nadhani mkono umechoka. Nyuzi nene za besi zikawa zinaniponyoka. Nikaanza kupiga noti chache chache, nikijitia kwamba ndiyo mtindo. Nilikuwa naogopa, jamani. Niondoleeni besi, na katika mji huu nabaki na shifti na basi la kurudi nyumbani, basi.

Wiki moja simu ikaita, ni mpiga ngoma.

"Dada, Jumamosi uko off? Pita nyumbani tule pilau."

Nikasema nitakuja. Ningesema nini? Ukikataa chakula cha mtu umemkataa yeye. Nilikaa kitandani nikiukanda ule mkono. Binti yangu kazaliwa hapa London. Kiswahili anakisikia chote ila majibu yake ni Kiingereza. Aliniuliza nina nini, nikamweleza.

"Mum, it's just rice."

"Si wali," nikamwambia. "Ni pilau."

Jumamosi nilikwenda roho mkononi. Nilishuka kituo cha kabla ya chake makusudi, nichelewe. Harufu ya bizari ilinipokea kwenye ngazi za ghorofa. Ndani, mkeka umetandikwa, sahani mbili tu. Akaninawisha, akaniwekea mnofu mkubwa mbele yangu. Wema wake ndio ulionizidishia hofu. Nikashindwa kusubiri.

"Kaka, kama ni huu mkono, niambie sasa, nisije nikapaliwa."

"Unasemaje? Sogea huku, dada. Sikio la huko halisikii tena."

Akala tonge, akalitafuna mpaka likaisha. Akanieleza kwamba daktari amemwambia aache ngoma, la sivyo na sikio lililobaki litakwenda. Amekwisha kumpata wa kushika nafasi yake, mwenye masikio makali, na bendi ananiachia mimi niiongoze.

"Hii pilau ni yangu mwenyewe," alisema. "Nimeona haya kuila peke yangu."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikafurahi, nikajichukia kwa kufurahi. Kumbe miezi yote ile makosa yangu hayakumfikia! Uziwi wake ndio ulioniweka kwenye bendi. Halafu nikamkumbuka huyo anayekuja na masikio yake makali, na hofu ikarudi ikakaa palepale.

Tulipomaliza niliona si haki aondoke kwenye bendi bila heshima aliyowapa wenzake. Nikaingia jikoni kwake, nikachukua bakuli la plastiki, nikalijaza pilau, nikaweka na minofu iliyobaki. Nikaja kuketi mbele yake nilifunge. Mfuniko ukakataa. Nikaukandamiza kwa mkono wa kushoto, vidole vikateleza, nikajaribu tena, vikateleza tena. Nilipoinua macho alikuwa anautazama mkono wangu, na alikuwa ameutazama kitambo.

Alichukua lile bakuli, akalifunga vizuri pembe zote, akalishika kidogo mapajani. Kisha, akiangalia pembeni, akalisukuma taratibu juu ya mkeka hadi likagusa goti langu.