Fomu za Njano za Shangazi

Mlezi wa wanafunzi wa chuo chetu alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyewahi kuwa muuguzi kabla goti halijamkatalia kusimama zamu nzima. Wanafunzi walimwita Shangazi. Alipoajiriwa, miaka kumi na tisa nyuma, walimpa chumba kati ya stoo ya viti vibovu na vyoo vya wavulana, na hakuna aliyekumbuka kumhamisha. Mimi nilikuwa karani wake. Tulikaa humo meza ikitazamana na meza kwa miaka tisa, kwa hiyo mtu asije kunieleza Shangazi alikuwa mtu wa namna gani.

Mdomo alikuwa nao. Mwanafunzi akiingia analia, kwanza aliamriwa apenge kamasi ndipo aongee, maana Shangazi alidai hasikii Kiswahili cha puani. Akishapenga anasikilizwa mpaka mwisho, hata kama nje kuna watu sita wanagonga mlango. Kazi yetu ilikuwa hiyo: kila ambaye masomo yamemwendea kombo, anayelala darasani, anayepigana bwenini, aliyeacha kula, aliyeanza kuongea peke yake, aliletwa kwetu, na sisi tukamjazia fomu.

Fomu zilikuwa mbili. Nyeupe ilikuwa ya afya. Ukiijaza, mwanafunzi anarudishwa nyumbani akatibiwe, na hapokelewi tena mpaka daktari aandike kwamba amepona kabisa na kamati ikae imkubali. Ukiisoma kwenye karatasi unaona huruma tupu. Lakini daktari gani ataandika kwamba mtu wa kisukari amepona kabisa? Na kamati yenyewe ilikaa ilipojisikia. Miaka yake ya mwanzo Shangazi alijaza nyeupe kumi na moja, kwa moyo mweupe kuliko hizo fomu, na waliorudi walikuwa wawili.

Njano ilikuwa ya nidhamu. Hapo mwanafunzi anaandika kosa lake kwa mkono wake, anasaini, anafagia ukumbi siku tano, yamekwisha. Ndiyo kusema chuo chetu kilimvumilia mkorofi kuliko mgonjwa. Shangazi alipoling'amua hilo, aliacha kuwa na wagonjwa.

Mvulana aliyeshindwa kuamka kwa huzuni aliandikwa mvivu. Msichana wa kisukari aliyekutwa anatafuna katikati ya somo aliandikwa mlafi asiye na adabu. Halafu Jumamosi Shangazi alivaa viatu vyake vya safari na kuwapeleka mwenyewe zahanati ya upande wa pili wa mji, akawaandikisha kwa jina la ukoo wake kama watoto wa kaka yake, ili kadi zisije zikajulikana chuoni. Manesi wa kule waliamini ukoo ule una mkosi. Alijivunia ujanja huo, nami nilijivunia pamoja naye. Kanuni ilisema njano tatu ni kufukuzwa, lakini yeye hakumpa mtu zaidi ya mbili, na mkuu wa chuo wa wakati huo alisaini kila alichopelekewa bila kutoa macho kwenye gazeti.

Rula alikuja kwetu akiwa mwaka wa kwanza wa uchoraji wa ramani za majengo. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu wake na kwa jinsi alivyonyooka akiketi. Mama yake, mshonaji, alikuja naye siku ya kwanza na kumnong'oneza Shangazi kwamba binti ana kifafa. Hakikuwa kile cha kuanguka na kutoa povu, ambacho hata mlinzi wa getini angekitambua. Macho yake yalisimama, mdomo ukatafuna hewa, kisha akainuka akatembea, na ukimshika anakusukuma. Dakika mbili baadaye anakuuliza umesemaje. Mama mtu aliomba jambo moja tu, mwanawe amalize chuo.

Mara ya kwanza alitoka darasani huku mwalimu anamwita. Njano: dharau. Mara ya pili alichana mchoro wa jirani yake. Njano: wivu. Rula alilia alipoambiwa aandike kwamba amemdharau mwalimu wa michoro, maana alimpenda mwalimu yule, ndiye aliyekuwa akimwazima kalamu zake nzuri. Shangazi alimvuta kiti karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Katika chuo hiki wewe huumwi. Akikuuliza mwalimu, huumwi. Hata mimi nikikuuliza mbele za watu, huumwi. Tumeelewana?"

Akamfanyia mazoezi. Alimvizia kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, siku moja hata nje ya choo, akimwuliza kwa sura ya upole kama anaumwa. Rula alikazana kutocheka na kujibu, "Siumwi, Shangazi." Siku moja alijibu kabla hajamaliza kuulizwa, tukaangua kicheko sote watatu. Nalisema hili lijulikane, kwamba na mimi nilicheka.

Dawa alizopewa zahanati zilimkubali. Karibu mwaka mzima alikuwa mzima na alama zake zilipanda mpaka akawa wa tatu katika darasa lao. Kisha mambo mawili yalikuja kwa mpigo. Tuliletewa mkuu mpya wa chuo, mtu wa kusoma mafaili, na zahanati iliishiwa dawa majuma mawili kabla ya mtihani wa mwisho. Shangazi alizunguka mji mzima na goti lake lile, akarudi mikono mitupu.

Siku ya mtihani nilisikia kishindo nikiwa mezani kwangu. Rula alikuwa amepitisha kalamu kutoka pembe hadi pembe ya mchoro aliouhangaikia kwa saa tatu. Mwalimu wa michoro aliuona mkono ule, akaukamata kuiokoa karatasi, na Rula akamsukuma. Mwalimu alianguka vibaya juu ya stuli na kuvunjika mkono wa kulia, ule ule wa kuchorea. Walipomwondoa mwalimu, Rula alikuwa amesimama anauliza nani amemwumiza mwalimu.

Alipelekwa kwa mama yake siku hiyo hiyo, na kamati ikaitwa Jumatano. Shangazi alikwenda kuomba huruma tu: binti ni mdogo, mtihani ulimchanganya, apewe adhabu kubwa lakini abaki. Kuusema ukweli wa ugonjwa hakuwa amekupanga. Kabatini tulikuwa na wengine sita wa namna ile, na faili moja likifunguka yote yanafunguka. Nilimkumbusha hilo tukiwa tunapanda ngazi, akanijibu kwamba anajua kuhesabu.

Chumbani walikuwamo mkuu wa chuo, wakuu wa idara wawili, na mwalimu wa michoro na mkono wake umening'inizwa shingoni. Mimi niliandika muhtasari. Rula alikaa nje kwenye benchi na mlinzi. Mkuu alisoma kwa sauti maelezo ya njano ya kwanza, kisha ya pili, kwa mwandiko wa Rula mwenyewe, ule wa kunyooka: nilimdharau mwalimu, nilimwonea wivu mwenzangu, nilikusudia. Akasema hii ni ya tatu, na haoni cha kujadili. Akafungua kofia ya kalamu.

"Maneno hayo ni yangu," Shangazi akasema. "Nilimwandikisha mimi. Mtoto ana kifafa."

Mkuu aliiweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, ingenipendeza kusema alikuwa mbaya. Aliuliza fomu nyeupe iko wapi. Haipo. Kadi ya hospitali je? Ipo, kwa jina la ukoo wa Shangazi. Akauliza, bila kufoka, kama mlezi anataka kamati iamini kwamba kwa miaka miwili alimsingizia binti mwenye afya mbovu makosa ambayo hakuyafanya, au iamini kwamba anamsingizia leo ugonjwa ili kumwokoa. Shangazi alisema ni hilo la kwanza. Ndipo mkuu akanigeukia akaniuliza kama nilikuwa najua.

Nilisema mimi ni karani, napiga chapa ninachopewa. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. Shangazi hakunitazama, na mpaka leo naona afadhali angenitazama.

Mwalimu wa michoro ndiye aliyejaribu. Alisema amemfundisha binti huyu miaka miwili na hajawahi kumwona na roho ya kuumiza mtu, basi aitwe aulizwe mwenyewe. Akasema akikiri kwamba anaumwa, yeye yuko tayari kufuta malalamiko yake, na kamati imjazie nyeupe akatibiwe, angalau jina lake libaki safi. Mkuu alikubali. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Rula aliingia amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, kazi ya mama yake bila shaka. Mkuu alimwambia akae. Akamwambia asiogope, hapa hakuna anayemtakia mabaya, aseme kweli tu.

"Binti, una ugonjwa wowote?"

Rula alimtazama Shangazi.

"Waambie, mwanangu," Shangazi akasema. "Nimeshawaambia mimi."

Nilimwona binti anajizuia asitabasamu. Niliuona mdomo ule unakazwa, kama alivyoukaza kwenye korido, na nikajua kabla hajaufungua.

"Siumwi," akasema. "Nilimsukuma mwalimu kwa makusudi. Naomba anisamehe."

Shangazi alisimama, goti likamtupa, akashika ukingo wa meza. Alimwambia leo si mchezo, leo ni kweli, sema kweli. Alimsihi mara mbili, mlezi wa miaka kumi na tisa mbele ya wakubwa wake. Kadiri alivyomsihi ndivyo binti alivyozidi kunyooka kitini.

"Siumwi, Shangazi."

Mkuu aliniuliza kama nimeandika. Nilikuwa nimeandika. Mwalimu wa michoro aliinamisha kichwa.

Barua zilikuwa mbili, na nilizipiga chapa mimi kabla ya saa sita. Ya Rula ilimfukuza kwa ukorofi na kujeruhi, isiyo na rufaa, na yenye maelezo ya kupelekwa vyuo vingine vyote. Ya Shangazi ilimstaafisha na kumtaka akabidhi funguo za kabati siku hiyo hiyo. Wale sita nao walirudishwa nyumbani kabla mwezi haujaisha, kila mmoja na karatasi yake nyeupe. Mimi nilibakishwa, wakasema nina uzoefu.

Nilipotoka na barua nilimkuta Shangazi ameketi kwenye benchi pamoja na Rula. Mlinzi alikuwa amesogea pembeni kwa heshima. Binti alikuwa hajaambiwa chochote. Alimsogelea Shangazi akamwuliza kwa kunong'ona, uso umemkunjuka, kama mtu aliyetua mzigo:

"Nimejibu vizuri?"

Shangazi alimtengenezea kola ya shati, akachukua muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji.

"Umejibu vizuri, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao na barua mbili mkononi, na sikujua nianze na ya nani.