Nilifuta Vidoa vya Mwalimu wa Kwaya, Nikamwambia Nimemsafishia

Kabla hamjaanza kunilaumu, nianze mwenyewe: nimekosa, tena nimekosa kwa makini, kama mtu aliyetumwa akakosee.

Mimi naprinti pale Ng'ambo, Tabora. Fundi wa darasa la saba. Kadi za harusi, ratiba za misiba, mitihani ya watoto, vyote vinapita mkononi mwangu. Nilijiona nimeimaliza kompyuta, kumbe ilikuwa inanisubiri yenyewe.

Akaja Mwalimu Sospeta kutoka Ulyankulu. Ndiye mwalimu wa kwaya wa parokia ya kwetu hukohuko, hata mimi alinifundisha kuimba, nikashindikana. Safari hii kaja na flashi na shida. Kamati ya parokia inataka kwaya apewe kijana mpiga kinanda, eti Mwalimu anafundisha kwa mdomo tu, hana kilichoandikwa. Basi akamwimbia mpwa wake anayesoma Dodoma nyimbo zote kichwani mwake, mpwa akazichapa kuwa kitabu. Siku ya sherehe ya parokia, kwaya ya Urambo ingekuja imeshajifunza wimbo mpya kwa kitabu hicho tu, waimbe pamoja na wenyeji. Wakiweza, kamati inanyamaza.

"Usiniangushe, mwanangu," akaniambia.

Mimi tena? Nimwangushe mtu?

Kufungua flashi, nakuta faili la ukurasa kama wa intaneti: maneno yamezungukwa na alama za mabano, picha za nota zimekaa kwenye folda yake pembeni. Picha zilikuwa SVG, ile ya mistari ambayo hata uikuze iwe bango la mkutano haichakai. Mpwa aliacha na maelezo: picha zikigoma zigeuze PNG, tena kubwa, usiweke JPG. Maelezo mazuri sana. Nikayafunga.

Kugeuza iwe PDF ya kuprinti, picha zikagoma kweli, yakatoka maboksi matupu. Mwenye akili angerudi kwenye maelezo. Mimi nikazipeleka JPG, tena ndogo, maana kompyuta yetu ukiipa kitu kizito inavuma kama mashine ya kusaga.

JPG kwa sura ya bibi harusi haina neno. Kwenye herufi ndogo inamwaga vumbi la kijivu pembeni. Nikaona uchafu huu, nikapandisha mwanga mpaka vumbi likaisha. Vikaisha na vidoa fulani vilivyokaa juu ya herufi, chini yake na katikati. Nikafurahi! Nilidhani mpwa alichapa huku anakula karanga.

Jamani, kwenye nota za do re mi, zile zinazoandikwa kwa herufi, kidoa cha juu kinakwambia panda, cha chini kinakwambia shuka, cha katikati kinakwambia wahi. Hayo nimeyajua baadaye, kama ninavyojua kila kitu.

Mwalimu alikuja kuchukua vitabu mbiombio, gari linamsubiri avipeleke Urambo. Nikamwambia nimemsafishia bure, bila kuombwa. Akanishukuru, akasema Mungu anikumbuke. Naomba kwanza asinikumbuke.

Siku ya sherehe nilikaa mbele kabisa, nisikie kazi yangu. Wenyeji wakaimba kama Mwalimu alivyowafundisha. Wageni wakaimba kama mimi nilivyoprinti. Wenyeji wanapanda, wageni wamebaki chini. Wenyeji wanakimbia, wageni wanatembea kama wanasindikiza jeneza. Ubeti wa pili, kijana wa kinanda akaanza kucheka. Ubeti wa tatu haukuwepo. Mwalimu alishusha mikono taratibu, akawageukia waumini, akaomba radhi.

Kwaya akapewa kijana wa kinanda.

Mnadhani ndilo kosa lenyewe? Bado!

Wiki iliyofuata Mwalimu akaja dukani na mzigo wa vitabu. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yake ikatoka ndogo.

"Mwanangu, macho yako bado mapya," akasema. "Mpwa wangu anasema vidoa aliviweka. Nadhani ananionea huruma tu, mimi ndiye niliyesahau kumtajia, na nilipokagua kazi yake macho hayakuona kuwa havipo. Kwenye flashi uliviona?"

Bosi alikuwa palepale anapanga rimu za karatasi. Nikaifikiria kazi yangu.

"Sikuviona, Mwalimu."

"Basi ni uzee," akasema.

Akaomba peni. Akakaa kwenye benchi letu, akaanza kutia vidoa kwa mkono, kitabu baada ya kitabu, amekiinamia kama anatafuta sindano. Mimi nikamshikia kurasa zisipeperushwe na feni. Mtu mwema sana mimi!

Juzi Jumapili nilienda kwetu, nimemwona kanisani, benchi la nyuma. Kavaa miwani mipya, minene kama kitako cha chupa. Wenzake wakiimba anafungua kitabu, anakisogeza, anakirudisha, anatikisa kichwa. Macho yake hayana ugonjwa. Ugonjwa upo Ng'ambo, unakula chipsi.

Nyie wenzangu wa kuprinti, ukiona kitu kidogo kwenye kazi ya mtu na hukijui, uliza kabla hujakisafisha. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu anazidi kujiona mzee.

Mwalimu, faili lako bado ninalo. Vidoa vimo vyote. Vua hiyo miwani.