Hesabu ya Sigara za Papa

Mimi si mtu wa kutulia, na mwaka jana ulinimaliza kabisa. Baba mdogo, ndugu aliyemfuata papa, yaani baba yangu, kuzaliwa, alikohoa kuanzia mvua moja hadi nyingine. Alipewa dawa za kifua kikuu, akazimeza zote, akaendelea kukohoa. Walipokuja kusema ni kansa ya mapafu, alikuwa hawezi tena kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Tulimzika baada ya wiki chache. Tangu siku ile nikawa namtegea papa sikio. Akikohoa, moyo unanidunda. Asipokohoa, nasema anajizuia ili nisisikie.

Papa ni fundi cherehani. Ana miaka sitini na moja, na alianza kuvuta akiwa na ishirini. Hushona kanzu na sare za shule barazani kwetu, sigara pembeni ya mdomo, na hajawahi kuunguza kitambaa cha mtu hata siku moja. Anajivunia hilo kuliko kanzu zenyewe.

Rafiki yangu muuguzi aliniambia kuna daktari hospitalini anayetafuta wavutaji wa miaka mingi, waliopita hamsini, ambao hawajisikii kuumwa popote. Anawapitisha kwenye skana, ile mashine ya kulala ndani yake, ili kansa ikiwapo ionekane ingali ndogo, kabla haijaleta kikohozi. Picha ya kawaida ya kifua haitoshi, akasema, mara nyingi huiona ikiwa imeshakua.

Nilimsumbua papa siku kumi na moja. Alinijibu kwamba mtu mzima hatafuti ugonjwa, ugonjwa wenyewe unajua njia ya kufika kwake. Mficha maradhi, kilio humfichua: mjini hapa methali hiyo kila mtu anaijua, ila kila mtu anamwambia jirani. Mwishowe alikubali, nadhani kwa sababu nilikuwa naizunguka cherehani yake kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, kalamu mkononi. Alitueleza hesabu yake: unachukua paketi za siku moja, unazidisha kwa miaka uliyovuta. Ikifika ishirini, unaingia kwenye orodha ya skana.

"Papa, kwa siku unavutaka ngapi?" daktari akauliza.

"Paketi moja inatokaka mu mufuko," papa akasema. "Lakini nusu banavutaka bageni. Mutu akikuja kupima nguo, utamunyima? Donc, andika nusu."

"Na miaka?"

"Makumi ine na moja. Bon, toa Ramadhani. Kila mwaka mwezi muzima nafungaka, mapafu inapumzika, inajisafisha. Toa tena miaka mbili ya vita. Bateau haikuwa inapanda na mizigo ku muto, sigara haikuwa."

Daktari, maskini, hakuwa wa dini yetu. Alisikia mwezi wa kufunga, akadhani mdomo unafungwa usiku na mchana. Akatoa miezi yote hiyo, akatoa na vita, akapata kumi na saba na kitu.

"Alors, papa, hauingie ku liste. Lakini sigara, uache."

"Merci, docteur!" Papa alikuwa ameshasimama.

Na mimi? Mimi nilijua. Wakati wa Ramadhani papa anafungua kwa tende na sigara, uji baadaye, na kabla ya daku paketi nzima imekwisha. Majivu ninayamwaga mimi asubuhi. Miaka ya vita alivuta tumbaku ya kutoka Opala, kali ya kupigisha mbuzi chafya, akiisokota kwenye kurasa za daftari langu la shule. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya kurasa zile. Yote nilijua, nikanyamaza. Kwetu mtoto hamkanushi baba yake mbele ya mgeni, hata kama mtoto mwenyewe ameshazaa. Hiyo ni sababu moja. Ya pili naisema kwa aibu: nilifurahi. Bila picha, hakuna cha kuonekana kwenye picha.

Tulirudi kwa toleka, baiskeli za kubeba watu, kila mmoja na yake. Ya papa ilitangulia. Nilimsikia akimchekesha dereva wake, kisha nikaona moshi unapanda juu ya kofia yake. Hasira ikanishika. Nilimkasirikia yeye, na daktari, na hata baba mdogo kaburini, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Tulipofika kona ya soko nikamwambia dereva wangu ageuze.

Sikukaa hata kwenye kiti. Nilimwambia daktari habari ya futari, ya tumbaku, ya wageni ambao wengi wao hawavuti kabisa. Alikata ile kumi na saba na kitu kwa mstari, akaandika arobaini na moja.

"Alhamisi asubuhi," akasema. "Lakini yeye mwenyewe akubali."

Nilimwambia papa wakati wa chakula. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umenivua nguo mbele ya mutu," akasema, akaisukuma sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo.

Siku tatu hakunisemesha. Nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, alimwita mama amwambie binti yake alete uzi. Uzi wenyewe nilikuwa nao mkononi. Sikuweza kukaa mahali. Nilifua nguo zilizokuwa safi, nikafagia ua mpaka mama akaninyang'anya ufagio. Alhamisi nilitoka nje nikiwa nimekata tamaa, nikamkuta papa kando ya barabara, amevaa kanzu nyeupe, amesimamisha toleka mbili na amekunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Kwenye kibaraza cha hospitali tulikaa benchi moja. Alizungusha vidoleni sigara asiyoiwasha. Sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa kuliko siku zote.

"Papa, ungali na hasira?"

"Niko nayo. Tena mingi."

Mtu mmoja akatoka kwenye skana, mwingine akaingia.

"Ile siku, pa kona ya soko," papa akasema, "niligeuka nikuambie kitu. Nikaona mugongo yako."

"Uliniona narudi kwa daktari?"

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Mudogo wangu ule tulizika, sigara yake ya kwanza, ni mimi nilimuwashia. Ile hesabu ya kweli, ningeisema namna gani na kinywa yangu?"

Wakamwita. Akainuka, akaniachia sigara mkononi, akaingia.