Nilimwaga chokaa ya Chef wa Mexico nikijua naokoa watu (Dubai)

Heshima kwenu wakuu. Kisa hiki kilinikuta mwenyewe, sikusimuliwa, na mjinga wa humu ndani ni mimi.

Miaka ya 2010 nilikuwa Dubai, tunakaa Al Nahda chumba kimoja watu sita. Nikapata kazi ya kusaidia jikoni kwenye mgahawa wa vyakula vya Mexico. Nipo probation, yaani muda wa majaribio, kosa moja tu unafukuzwa.

Mkuu wa jikoni alikuwa mama wa makamo kutoka hukohuko Mexico, Chef Rosa. Mpole, ila ukigusa mahindi utamjua. Siku ya kwanza tu aliniambia mahindi yetu asili yake ni kwao, yalisafiri na meli za Wazungu zamani. Nyanya pia. Pilipili pia.

Niligoma wakuu. Nikamwambia ugali ni wetu tangu Adamu. Akacheka.

Sasa arbab, mwenye mgahawa, alitaka tuanze kununua tortilla za pakiti. Tortilla ni vile vichapati vyembamba vya mahindi. Zikija za pakiti, Chef Rosa hana kazi, anarudishwa kwao. Akamwomba arbab aje kwanza aonje za mkono, Jumatatu mchana.

Jumatatu asubuhi nikafika wa kwanza. Nakuta sufuria la mahindi yaliyolowekwa, maji ya njano yanateleza, maganda yanabambuka. Pembeni kuna pakiti ya chokaa. Chokaa, wakuu, tunayopaka ukutani.

Nikajua kuna mtu anamchimba mama wa watu. Nikamwaga yote, mahindi na ile pakiti ya chokaa, nikachemsha mahindi mengine kwa maji matupu, nikasaga. Nikajiona shujaa kabisa.

Chef alipokanda, donge halikushikana. Kila tortilla inapasuka. Akanitazama.

"Chokaa iko wapi?"

Nikasema ukweli.

Hakunifokea. Alikaa juu ya ndoo, akanieleza kuwa ile ni chokaa ya kupikia, na bila hiyo mahindi hayashikani. Bibi yake alitumia hata majivu. Halafu akauliza, "Kwenu mahindi makavu mnachemshaje?"

Hapo nikakumbuka nyumbani. Mama yangu kule Kilosa hapiki makande bila kutia magadi ili mahindi yalainike. Nimeyala tangu utoto, sikuwahi kuuliza.

Arbab akaingia. Kabla sijasema neno, Chef akawahi. "Sir, kosa ni langu. Nipe mpaka kesho."

"Kesho, khalas, mwisho. Baada ya hapo ni pakiti."

Arbab alipotoka nikamuuliza Chef kwa nini amejibebesha kosa langu. Akasema, "Wewe uko probation. Mimi nikifukuzwa, kwetu kuna jiko."

Iliniuma sana. Mtu niliyemharibia ndiye aliyenikinga.

Jioni ile akafungua pakiti nyingine ya chokaa, akanipa kijiko, nikapima mwenyewe huku anaangalia. Kesho yake tortilla zikaumuka vizuri. Arbab alikula tano, akachukua ya sita. "Yalla, haya, endeleeni na hizi."

Chef Rosa alikaa miaka miwili zaidi, akaondoka kwa hiari yake mkataba ulipoisha. Siku ya mwisho hakuniachia zawadi. Aliniachia sufuria la mahindi, na pakiti ya chokaa juu yake.

Kuuliza si ujinga wakuu. Mimi nilimwaga kwanza. Na ule ubishi wa ugali na Adamu nimeuacha.

Mliofanya kazi majikoni ughaibuni, nani mwingine aliwahi kuharibu chakula cha watu kwa nia njema? Tiririkeni, msiniache peke yangu.