Mlio wa Filimbi Dirishani

Simu ya kwanza kuingia nyumbani kwetu, kijijini Daa, aliileta kaka yangu mkubwa, aliyekuwa dereva wa watalii. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya mche. Mtandao ulikamata mahali pamoja tu, dirishani mwa jiko, kwa hiyo mama aliiweka pale na haikuondoka. Ukitaka kuongea unasimama hapo, umeinamisha kichwa, moshi unakuingia machoni.

Mama hakusoma. Majina kwenye kioo kwake yalikuwa kama nyayo za kuku. Kaka akakaa naye mchana mzima, akampa kila mtoto mlio wake. Dada alipewa kengele. Mimi nilipewa jogoo. "Huyu kila siku anawika kwenye mji wa wengine," kaka alisema. Yeye mwenyewe alijichagulia filimbi, ya taratibu, inayopanda halafu ikashuka.

Tangu siku hiyo mama alitujua kwa sikio. Akiwa kwenye mbaazi akasikia jogoo, huacha jembe akaja haraka, huku jogoo wetu wa kweli naye akijibu uani. "Mzururaji wangu yu hai!" Mlio asioujua hakuupokea. Alisema mgeni hupiga hodi mlangoni, hapigi kelele dirishani.

Nilimpigia kutoka kila nilikotangatanga: mashamba ya vitunguu ya Eyasi, Mererani, Loliondo. Mara nyingi sikuwa na la kusema. Aliuliza niko wapi, nikamwambia, akajibu, "Nimesikia." Tukakata. Hayo yalinitosha kwenda mbele tena.

Kaka aliugua, tukamzika nyuma ya nyumba, upande wa shamba. Filimbi haikulia tena.

Miaka ikapita, ile simu ikazimika isiwake. Dada akamnunulia mama simu ya tachi, kubwa, inayong'aa. Ya zamani ikafungwa kwenye kipande cha kitenge ikawekwa kabatini. Wakati huo mimi nilikuwa mpishi kwenye kambi moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nilipanda kwenye jiwe lenye mtandao, ukungu umenilowesha koti, nikapiga. Iliita mpaka ikakata. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Nikaanza kuogopa kwamba mama hayupo. Nikampigia jirani yetu.

"Mama yako? Si huyu hapa anachambua maharage! Simu inaita pembeni yake, anasema hiyo si ya wanawe."

"Mpe yako niongee naye."

"Hataki. Anasema siku hizi hata sauti za watoto wa watu zinaibwa."

Niliomba ruhusa nikashuka nyumbani. Nilimkuta macho yake yameingia ukungu kama ule niliouacha juu. Picha zetu dada alizoweka kwenye simu mpya hakuziona. Milio yote ilikuwa mmoja.

"Nimezaa watoto watatu," aliniambia. "Simu hii inasema nina mmoja."

Nilipeleka ile ya zamani kwa fundi wa simu Karatu mjini. Aliigeuza mkononi akacheka.

"Braza, hii umeichimba Oldupai?"

"We iwashe tu."

Alichomoa betri kwenye simu nyingine iliyokufa, akaipachika, akaifunga kwa mpira wa noti. Ikawaka.

Nyumbani niliziweka simu mbili dirishani, zikitazamana, ili mpya irekodi sauti ya kongwe. Nikachukua jogoo wangu. Nikachukua kengele ya dada. Nikabonyeza mlio uliofuata bila kuangalia, na filimbi ikaanza.

Mama alikuwa ameketi jikoni, ungo mapajani. Aliuweka chini. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka dirishani, akanyoosha mkono. Filimbi ilipanda, ikashuka, ikaisha. Mkono wake ulibaki hapo juu ya simu, haukuishika.



"Huo nao nikuwekee kwenye mpya, mama?"

"Utalia akipiga nani?"

Nikazima rekodi kwenye ile mpya.

"Uache humo alimouweka," alisema, akarudi kwenye ungo wake.

Nilirudi kambini. Nikapanda kwenye jiwe, nikapiga. Haikuita sana.

"Uko wapi, baba?"

"Ngorongoro, mama. Kuna baridi."

"Nimesikia."

Ile kongwe haikurudi kabatini. Iko dirishani kando ya mpya. Haina laini, hakuna anayeweza kuipiga, na betri yake haikai. Lakini kila nikienda likizo, kabla hata sijavua viatu, mama hunipa hiyo kwanza nikaichaji.