Ng'ombe Aliyevaa Vitambaa vya Makochi

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya themanini na sijapata pa kuitua. Hadi leo kuna mama mmoja muuza dagaa wa omena pale Kondele ambaye akiniona nikipita hulia "Mooo!" kwa sauti ya ng'ombe mwenye njaa, halafu ananiongezea omena kiganja kizima, na mimi huzipokea, kwa nini nisizipokee?

Nilikuwa nimeolewa Otonglo miaka miwili tu, na kwa vile nilifika kidato cha pili kabla karo haijanishinda, katika boma lile mimi ndiye niliyekuwa Mzungu. Barua ikija, naitwa. Chupa ya dawa ikiwa na maandishi, naitwa. Mama mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama cha kufuma vitambaa vya makochi, akanifanya katibu bila uchaguzi wowote, akawatangazia wenzake, "Huyu Nyar Alego si wa kubeba maji tu. Hii kichwa iko na Kizungu ndani." (Nyar Alego ni binti wa Alego, ndivyo walivyoniita kwa sababu ndiko nilikotoka. Na maji nilibeba vilevile, kila asubuhi kutoka ziwani, Kizungu hakikunipunguzia hata kopo moja.)

Hayo maji ndiyo yaliyotufikisha pabaya. Ofisi moja ya maendeleo mjini ilikuwa na tangi la maji la kukipa kikundi kitakachoonekana kimejipanga, tangi moja tu, na akina mama kumi na wanne wa Otonglo tulikuwa tunaliota usiku na mchana. Barua ikaja Jumatatu, kwa Kiingereza. Nikasimama katikati yao nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: mwenyekiti na katibu tufike ukumbi wa kanisa Kondele siku ya Alhamisi saa nne, tuje na group diary yetu ikaguliwe, nayo iwe clean, tena iwe covered.

Sasa jicho langu likaona dairy. Haki ya Mungu liliona dairy! Herufi ni zilezile, i na a zimebadilishana viti tu, na dairy nilikuwa naijua vizuri, imeandikwa ubavuni mwa gari la maziwa lililopita barabarani kila siku. Hiyo diary sikuwa nimewahi kukutana nayo, maana kitabu chetu cha mikutano tulikiita kitabu. Nikawatafsiria: tuje na ng'ombe wetu wa maziwa.

"Ng'ombe?" akauliza mama mmoja mkimya. "Wanataka ng'ombe ya nini kwa ofisi?"

Hapo ndipo ningesema ngoja niulize. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mwalimu mwenye kamusi nene kama tofali. Lakini nani aende kwa mwalimu, na watu wote wananitazama nikiwa na barua mkononi? Nikasema, "Ni ukaguzi. Wanataka kuona kama tunaweza kutunza kitu kabla hawajatupatia tangi." Lilitoka vizuri mno, hata mimi mwenyewe nikaliamini. Na covered je? "Afunikwe," nikasema, "kwa sababu ya vumbi."

Kikundi kilikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi aliyeitwa Silwal kwa ajili ya rangi yake nyekundu. Jumatano tulimwosha kwa sabuni ya mche, tukamsugua kwato kwa jiwe la visigino. Kumfunika ndiko kulikotusumbua, maana shuka lilikuwa fupi, mpaka mama mkwe akafungua sanduku akatoa vitambaa vyetu vya kuonyesha wageni, vyeupe vyenye maua ya zambarau, seti nzima, cha mgongo wa kochi na vya mikono na cha meza, tukaviunganisha kwa pini juu ya Silwal akawa sebule inayotembea.

Alhamisi tulitoka alfajiri, mimi mbele na kamba, mama mkwe nyuma na fimbo. Tukafika Kondele soko limeshajaa. Makanga waliacha kuita abiria.

"Mama, hii ni arusi ya nani?"

"Bwana arusi ako wapi?" mwingine akamwuliza Silwal mwenyewe.

Mimi nikanyanyua kichwa, nikajiambia, hawa hawajasoma barua.

Tukamfunga Silwal kwenye mti nje ya ukumbi, tukaingia. Karibu na mlango alikaa katibu wa kikundi cha Awasi, ana kitabu tu kwapani, nami nikamwonea huruma (nilimwonea huruma, mnasikia?), nikamnong'oneza, "Dada, na wenu mmemwacha wapi?"

"Nani?"

"Dairy."

"Si hii," akasema, akaniinulia kile kitabu. Kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, kama cha shule. Safi. Kimefunikwa. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Ningetoroka, lakini madam wa kutoka ofisini alishaanza kuita. "Otonglo! Diary yenu iko wapi?" Mama mkwe hakujua Kizungu, lakini lile neno alikuwa amelikariri siku tatu, akasimama kwa fahari. "Madam, iko nje. Nimefunga yeye kwa mti."

"Umefunga nani?"

"Dairy. Asubuhi ametoa lita tatu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Katibu wa Awasi aliweka kitabu chake kwenye kiti ili asimame acheke vizuri. Sijui kama ni zile kelele zilizomshtua, lakini Silwal akakata kamba, akaingia mlangoni na kitambaa cha meza kwenye pembe moja, na kitu cha kwanza alichokiona ni kile kitabu. Alianza na karatasi ya kaki. Tulipofaulu kumvuta, zilikuwa zimebaki Januari na nusu ya Februari.

"Madam," nikajisikia nikisema (kwa nini sikuufunga mdomo wangu kwa zile pini?), "sasa dairy imekula diary."

Madam alicheka mpaka akatafuta leso. Lakini alipomaliza, tangi akawapa Awasi. Alisema diary ya Awasi hana haja ya kuisoma, ameiona mwenyewe ikiwa safi na imefunikwa kabla haijaliwa.

Njia nzima nililia. Otonglo tuliwakuta akina mama kumi na wawili barabarani, wameshalima nyasi na kusawazisha mahali pa kuweka tangi. Nilitaka ardhi inimeze. Mama mkwe akawatazama, akasema tu, "Tangi imeenda Awasi. Wako na shida kuliko sisi." Akaingia ndani, na hajawahi kuniuliza nilisoma nini kwenye ile barua.

Habari zilifika zenyewe, bila shaka, Kondele si mbali. Silwal akabadilishwa jina akawa Diary mpaka alipozeeka. Mimi nikaapa kwamba sitasema tena najua kitu ambacho sikijui, hata kiwe neno la herufi mbili, na kiapo hicho nimekishika kuliko vingine vingi.

Mwaka uliofuata barua nyingine ikaja kutoka ofisi ileile. Mama mkwe hakuniita mbele ya watu. Alikuja jikoni peke yake, akaniwekea ile barua mapajani, na juu yake kamusi ya mwalimu, ambayo alikuwa ameenda kuiazima mwenyewe.

"Soma pole pole, Nyar Alego," akasema. "Ng'ombe nishaficha kwa jirani."