Vitenzi vya Ng'ombe wa Mama

Kila mwaka, muhula wa pili, nafika kwenye ule ukurasa wa wanyama. Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi huku Langas, mjini Eldoret, na ukurasa huo naujua kwa kichwa. Upande mmoja pana picha za wanyama, upande wa pili vitenzi, na mtoto anatakiwa kuviunganisha kwa mstari: ng'ombe na "moo", kondoo na "bleat", farasi na "neigh", chura na "croak". Chini yake kuna mienendo: "graze", "gallop", "hop", "crawl". Watoto wanaupenda kwa sababu siku hiyo wanaruhusiwa kupiga kelele. Darasa zima linalia, mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili anagonga ukuta, nami najifanya sijasikia.

Nalipenda somo langu na sioni haya kusema hivyo. Kiingereza kina kitenzi kwa kila mnyama na kila tabia yake. Bata ana chake, nguruwe ana chake, hata nyoka hakusahauliwa. Lakini mwaka huu tulipofika kwa ng'ombe, msichana wa dawati la mbele alivuta "moo" moja ndefu, safi, ya kuchekesha, na mimi nikageukia ubao nikaanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Tulikuwa tumemzika mama mwishoni mwa likizo. Na ng'ombe wake, nilimsikia kwa masikio yangu siku zile za msiba, hakuwa analia hivyo.

Mama alibaki na ng'ombe mmoja tu, wa kahawia mwenye paji jeupe, kwenye shamba letu nje ya mji. Wengine aliwagawa magoti yalipoanza kumsumbua. Huyu alikataa kumtoa, na alikataa pia mtu mwingine kumkamua. Asubuhi na jioni alivaa dastikoti ya kijani, koti la kazi lililokuwa la baba, gambuti za mpira, na kitambaa cha kichwa chenye maua yaliyofifia mpaka huwezi kujua yalikuwa maua gani. Nguo hizo hazikufuliwa. Haukuwa uchafu. Ng'ombe humjua mkamuaji wake kwa pua, na kwetu mtu yeyote mwenye ng'ombe atakuambia kwamba ukimwendea na harufu ngeni anabana maziwa, utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi.

Nilipokuwa msichana nilimcheka sana. Nilimwambia ananuka.

"Wewe nuka sabuni yako huko town," alinijibu bila hata kugeuka. "Mimi nanuka maziwa, na hiyo maziwa ndiyo imekusomesha."

Akikamua alikuwa anamwimbia ng'ombe, kama ile ni kuimba. Hayakuwa maneno. Ulikuwa mvumo wa chini kooni, unapanda kidogo, unashuka, unasubiri, unaanza tena. Kiingereza kina "hum", lakini hiyo mimi naifundisha kwa nyuki na friji. Nilizoea kuusikia mvumo huo nikiwa jikoni, nikajua maziwa yanashuka na chai haiko mbali. Natamani kuusikia hata leo, mara moja tu, hata kutoka mbali.

Alikufa ghafla. Jioni alikamua, asubuhi hakuamka. Katika siku zile za matanga, ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye anayeishi shambani, alivaa ile dastikoti na kumkamua ng'ombe. Alipigwa teke mara kadhaa, lakini maziwa yalitoka, kidogokidogo.

Baada ya mazishi wanawake walisafisha nyumba. Shangazi yangu ndiye aliyewaongoza. Aliolewa mjini zamani, maziwa yake ni ya pakiti, na ana moyo wa dhahabu ambao siku hiyo ulituponza. Walifua mablanketi, wakafua mapazia, kisha wakaikuta dastikoti kwenye msumari nyuma ya mlango. Waliisugua kola kwa brashi. Gambuti zilitiwa sabuni ndani na nje. Nilipotoka uani niliikuta kwenye kamba inadondosha maji, safi, ya kijani ambacho sikuwa nimekiona tangu baba akiwa hai.

"Tumesafisha kila kitu, mama," shangazi aliniambia huku akijifuta mikono. "Hakuna kazi imebaki."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Lakini utamwambiaje mtu aliyekesha nawe, akakupikia, akakufulia, kwamba amefua kitu kisichofuliwa? Nilimshukuru. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia huko.

Kitambaa ndicho walichokikosa. Asubuhi ile ya msiba nilikikuta kimening'inia kwenye kitanda chake, nikakitia kwenye mkoba wangu kabla mtu hajauliza. Nyumbani kwangu Langas nilikiweka katika bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Kila jioni nikitoka shule nililifungua kidogo, nikavuta pumzi, nikafunga upesi. Moshi wa kuni, maziwa, yale mafuta ya kupaka chuchu, na jasho lake. Nilikuwa na choyo na harufu hiyo. Niliogopa itaisha kwa kuvutwavutwa.

Wiki ileile ya ukurasa wa wanyama, ndugu yangu alipiga simu.

"Dada, tangu hiyo dastikoti ioshwe huyu ng'ombe alikuwa anatoa kidogo tu, sasa amekataa kabisa. Nimemfunga miguu, nimemwekea unga. Anakula tu, maziwa hashushi. Jirani pia amejaribu, ameangushwa na ndoo yake."

"Na jioni?"

"Jioni anaenda kusimama kwa mlango ya kitchen, analia. Si kulia ya njaa. Watoto wangu wanaziba masikio. Kiwele imekuwa ngumu, dada. Atagonjeka. Kama weekend haitabadilika, Jumatatu nampeleka soko."

Sikumlaumu. Ng'ombe asiyekamuliwa anaumia, na ndama wake alikuwa ameshaachishwa kunyonya, hivyo hata huyo hangemsaidia. Lakini sikuweza kustahimili aondoke. Mikono ya mama ilimgusa yeye mara ya mwisho, jioni ile, si sisi wanawe. Akipanda gari la soko, nani mwingine atabaki anayemsubiri mama mlangoni?

Jumamosi nilifika jua likianza kushuka. Alikuwa amesimama palepale, shingo imenyooshwa kuelekea jikoni. Sauti ilianzia tumboni, ikakatika katikati, akasikiliza, akaanza tena. Huko kusikiliza ndiko kulikonimaliza. Najua "moo", najua "low", najua "bellow", nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu miaka yote hii, na hakuna hata moja ambayo ningemwandikia.

"Kama kungekuwa na nguo yake moja haijaoshwa," ndugu yangu alisema akiwa na kamba mkononi. "Moja tu."

Bakuli lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilijua hivyo tangu Langas, na njia nzima nilikuwa nimejidanganya kwamba nimelibeba kwa mazoea tu. Nikikifunga kitambaa kile kichwani mwangu na kuingia zizini, hakitarudi kuwa cha mama. Kitashika jasho langu, kitashika mavi, ng'ombe atakilamba. Nilimkasirikia ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Nilimwona kama mtoto mwenzangu anayetaka kuchukua fungu langu.

Kisha akalia tena, akasikiliza.

Niliingia jikoni, nikafungua bakuli na kufunika uso wangu wote na kitambaa. Safari hii sikubania pumzi. Halafu nikakifunga kichwani alivyokifunga yeye, fundo kisogoni, nikapaka mikono mafuta kutoka kwenye mkebe wake.

Mwisho kabisa wa ule ukurasa kuna kitenzi ambacho huwa nakiruka kwa sababu kengele huwa imeshalia: "nuzzle". Ng'ombe alinisogelea, akanusa bega, akanusa shingo, akaleta pua yake yenye maji mpaka kwenye kitambaa na kunisukuma kichwa nayo, polepole, mara nyingi. Alikilamba. Nilisimama tu, machozi yananitoka, nikimwacha. Nilipokaa kwenye kigoda na kushika chuchu, nilisikia mvumo. Ulipanda kidogo, ukashuka. Ulikuwa unatoka kwenye koo langu, mbovu, usio na pumzi, lakini ulikuwa wenyewe.

"Imeshuka," ndugu yangu alinong'ona. "Dada, imeshuka."

Nilikamua mpaka kiwele kikalegea, paji la uso wangu likiwa limeegemea ubavu wake wa moto.

Jumapili jioni nilirudi mjini. Kitambaa nilikiacha kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu ng'ombe hukamuliwa kila siku na mimi nina darasa. Ndugu yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, sasa anakamua akiwa amefunga kitambaa cha maua kichwani, na ole wake jirani atakayecheka. Ananiambia kwenye simu kwamba kimeshika harufu yake yeye sasa, na ng'ombe hajali, ameanza kumzoea. Ameacha kwenda kusimama mlangoni. Najibu kwamba ni vizuri, na ni vizuri kweli.

Bakuli liko juu ya kabati langu hapa Langas, tupu. Sijaliosha.